Nilivyoachiwa Meza ya Machenza

Jumapili, 5 Julai

Ushindi! Mke wangu kaniachia meza.

Si meza ya kulia chakula. Hiyo siruhusiwi hata kuisogeza. Ni meza ya sokoni, meza yake ya machenza, pale lango la pili, kati ya mzee anayeuza mapapai na kibanda cha fundi cherehani. Miaka yote nimekuwa nikiitazama kwa mbali kama mtu anavyotazama gari la jirani. Kesho naikalia mwenyewe.

Sababu ni binti yetu. Yuko karibu kujifungua, na mama yake kapanda basi la mchana kwenda kuwa naye. Atarudi Jumamosi. Tangu ofisi yetu ifungwe na mimi, msimamizi wa ghala la rangi, kurudishwa nyumbani na kikombe changu cha chai, nimekuwa nikimwomba anipe nafasi pale mezani. Siku zote alijibu kwamba ataangalia. Leo hakuwa na pengine pa kuangalia.

Kaacha masharti mawili. La kwanza: Alhamisi atakuja Mwalimu Mkuu wa chekechea. Mke wangu amembembeleza mama huyu tangu msimu uliopita. Nimpe tenga moja la machenza yasiyo na mbegu kwa ajili ya watoto. Wakila vizuri, shule itachukua kwetu msimu mzima. Ikipatikana mbegu, hata moja, anahamia kwa Bi Miwani, muuza machenza wa lango kuu. Mwaka jana mtoto mmoja alipaliwa na mbegu, na mwalimu hataki kabisa kuyaona tena mambo hayo.

Sharti la pili: nisiguse kitu. Niuze tu. Nikivuruga, benchi la pale mezani atalikalia shemeji yangu, yaani mdogo wake, yule wa nywele za mafuta anayemwita kila mtu bosi.

Alieleza na mengine mengi pale mlangoni, begi mkononi, habari za aina za machenza na jinsi ya kuyatambua. Nilitikisa kichwa kila alipovuta pumzi. Moyoni nilikuwa tayari nimeshakaa.


Jumatatu, 6 Julai

Nimeamka mapema kuliko nilivyowahi kuamka nikiwa na mshahara.

Nilidhani chenza ni chenza. Kumbe! Mzee Papai (ndivyo soko zima linavyomwita, hata watoto wake) kanionea huruma akanifundisha. Kuna Koti: ganda lake limelegea, unalivua kama unavyomvua mtu koti. Kuna kangaja: kadogo, lakini ukikamenya hapa, harufu inafika kwa wauza samaki na kuwashinda. Hayo mawili hata mtu aliyefumba macho hawezi kuyakosea.

Kazi iko kwenye mengine matatu. Bubu halina mbegu, tumboni kimya kabisa. Pacha ni Bubu mtupu kwa sura, lakini ndani mbegu zimejaa kama abiria siku ya sikukuu. Na Chelewa huvaa rangi nzuri mwanzoni mwa msimu, halafu linabaki kali mpaka msimu unakaribia kwisha. Yote matatu ni ndugu wa sura moja. Nilimwambia Mzee Papai kwamba hayo nayajua siku nyingi. Akasema anafurahi kusikia.

Kisha nikaitazama meza ya mke wangu. Jamani. Ninampenda, lakini ile haikuwa meza. Mafungu yamerundikwa huku na kule, chenza hili na jani lake, lile na majani mawili, jingine halina kitu. Mtu akipita anaona kichaka.

Kule ghalani nilikuwa nikipanga makopo ya rangi kuanzia nyeupe mpaka nyekundu iliyoiva. Siku moja mkurugenzi alipita, akasimama, akasema "mm". Mtu mwenye kipaji huwa hakosi kukumbuka siku kama hiyo.

Basi nikakunja mikono ya shati. Nikatoa majani yote. Nikayafuta machenza moja moja kwa kitambaa chenye maji. Nikayachanganya na kuyapanga upya kwa rangi, kuanzia manjano yenye ukijani kushoto mpaka yaliyoiva kama machweo kulia. Majani yaliliwa na mbuzi wa fundi cherehani. Alinishukuru kwa macho.

Nimegusa nini hapo? Kusafisha si kugusa.

Wateja walisimama! Muuguzi mmoja alisema meza inapendeza kama duka la vipodozi. Niliuza mpaka nikasahau kula. Mzee Papai alikuja, akaangalia, akafungua kinywa, akakifunga, akacheka mpaka ikabidi akae juu ya kreti lake. Nilimuuliza kulikoni. Akasema hakuna, ameona tu jinsi wiki yake itakavyokuwa nzuri.

Wivu, mtu mzima yule.


Jumanne, 7 Julai

Malalamiko. Machache tu, lakini yana sauti.

Kinyozi kaja amekunja uso. Jana aliniomba Bubu kwa ajili ya mama yake, na mimi nikamchagulia kwa mkono wangu, kwa tabasamu. Mama yake ana meno matatu. Sasa, kwa mujibu wa kinyozi, ana mawili na nusu. Akafuata mama mmoja aliyeniuliza kwa upole kama siku hizi nauza siki yenye maganda. Nikamwambia ni hali ya hewa. Akatazama juu. Mbingu nyeupe pee.

Nikamrudishia kila mtu machenza mengine, kwa heshima zote. Kinyozi alilifungua lake pale pale. Mbegu. Akanitazama jinsi vinyozi wanavyomtazama mtu waliyemwekea wembe shingoni.

Mara simu. Mke wangu! Binti ameshapelekwa hospitali, uchungu umeanza, madaktari wanasema yuko sawa. Nikafurahi, nikaogopa, nikafurahi tena. Kabla hajakata, akaniuliza kama majani bado hayajanyauka. Maana, akasema, kama alivyonieleza mlangoni, ndiyo alama yenyewe: lisilo na jani ni Bubu, lenye jani moja ni Pacha, lenye majani mawili ni Chelewa. Wakulima wanayakata hivyo kwa mkasi huko shambani kwa sababu hakuna jicho linaloweza kuyatofautisha, hata lao.

Nikageuka kumtafuta mbuzi.

Akauliza tena: majani vipi? Nikamwambia yako mahali salama. Mbuzi alikuwa amelala kivulini, anatafuna polepole, ametulia kama mtu mwenye akiba.

Nikamgeukia Mzee Papai. Nikamuuliza kama alikuwa anajua. Akasema soko zima linajua, mwenzangu, hata mbuzi anajua, ila mimi nilimwambia hayo nayajua siku nyingi, na yeye hapendi kumfundisha mtu anayejua.

Tulia. Fikiri. Mtu aliyeendesha ghala haangushwi na matunda.

Mpango wa kwanza: sikio. Chenza lenye mbegu lazima litoe sauti likitikiswa. Nikatikisa moja baada ya jingine karibu na sikio langu la kulia, ambalo ndilo zuri. Nilisikia cherehani, redio, na muuza kuku akigombana na kuku. Chenza halikusema neno. Nilipofumbua macho, watu wengi walikuwa wamenizunguka. Mzee Papai alikuwa anawaeleza kwamba daktari kafungua kliniki, wapange foleni, matikiti maji yatapimwa mapigo ya moyo mchana.


Jumatano, 8 Julai

Mpango wa pili: maji. Nilijiuliza kitandani jana: mbegu ni nzito au si nzito? Ni nzito. Kwa hiyo Pacha litazama, Bubu litaelea. Sayansi!

Nikaomba ndoo kwa fundi cherehani, mama mnene mwenye sauti ya upole na sindano mdomoni saa zote. Nikatumbukiza. Mengine yakazama, mengine yakaelea. Niliinua mikono juu kama mfungaji bao. Nikafungua moja lililoelea. Mbegu. Nikafungua lililozama. Hakuna kitu, bubu kabisa. Basi sheria ni kinyume chake! Nikafungua jingine lililozama. Mbegu mpaka mlangoni. Fundi cherehani akasema, sindano ikiwa pembeni mwa mdomo, kwamba angalau yamekoga.

Mpango wa tatu ni wa aibu, nauandika kwa kifupi. Nilivaa kofia na miwani ya jua, nikaenda lango kuu kununua tenga la Bubu kwa Bi Miwani. Nani angejua? Nilibadilisha na sauti. Bi Miwani alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha miwani yake puani, akasema: shemeji, vua hiyo miwani, utajikwaa. Akaniuliza hali ya binti. Nikamwambia. Akamwombea heri, kwa moyo, lazima niseme ukweli. Kisha akasema machenza yake hayauzwi leo. Anayatunza kwa ajili ya kesho. Mwalimu Mkuu kamwambia akae tayari, endapo mambo kule lango la pili hayatakuwa mazuri.

Nilirudi nikitembea kwa madaha, kama mtu aliyekwenda kunyoosha miguu. Nikamkuta shemeji yangu amekalia benchi langu! Ati alikuwa anajaribu kama linamtosha. Akasema, bosi, hili benchi lina mguu mfupi, mimi nikianza kazi nitaleta kiti cha plastiki. Nikianza kazi! Kashika chenza, akaligeuza, akauliza kama hili ni la kula au la kukamua. Huyo ndiye atakayechukua nafasi yangu.

Niliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hapo ndipo nilipojiona nilivyo. Mwanamume mzima, mvi kichwani, ameachiwa meza moja, amemwaga msimu mzima wa mke wake kwa sababu ya kupenda rangi. Kazi hii ya shule angeipata yeye kwa jasho lake. Mimi ningempokea Jumamosi na habari gani?

Simu ikalia.

Nimekuwa babu!

Msichana. Mzima, mama yake mzima. Mke wangu alikuwa analia na kucheka. Akasema mtoto kachukua paji langu la uso, lakini wauguzi wamewatuliza kwamba huwa linabadilika. Nilipiga ukelele mpaka kuku wa muuza kuku wakaitikia. Nikamkumbatia shemeji, mafuta ya nywele na yote. Nikaanza kugawa machenza. Chukua, mimi babu! Chukua, mama! Fundi, pokea! Kinyozi kapokea, japo aliliangalia kwanza. Mpaka mbuzi alipata.

Watu wote wakamenya papo hapo kwa afya ya mtoto. Na mimi, nikiwa nimesimama katikati yao, nikaona kitu. Mzee Papai anatema mbegu: Pacha. Fundi anakula kimya, hana cha kutema: Bubu. Shemeji kafumba jicho moja na midomo imemrudi ndani: Chelewa. Huyu Pacha. Yule Bubu. Yule Bubu. Yule maskini, Chelewa.

Yaani chenza likishafunguliwa linajitaja lenyewe!

Mpango wa nne. Mkubwa kuliko yote. Kesho asubuhi namenya tenga zima.


Alhamisi, 9 Julai

Nina vidole kumi na vyote vinawasha, lakini lazima niandike.

Lango lilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kuingia, na mabeseni mapya yenye vifuniko, sabuni, na ndoo ya maji safi. Nikanawa kama mpasuaji. Nikaanza. La kwanza nikamenya vizuri. La pili vizuri. Lakini kumenya si mwisho wa kazi. Lazima ukitenganishe kila kipande, ukiinue kwenye mwanga, uangalie kivuli cha mbegu ndani, halafu uitoe bila kupasua kipande kizima. Jua lilipanda. Nikatazama beseni: kitako chake hakijafichika. Nikatazama tenga: halijapungua.

Mwalimu Mkuu alisema atafika kabla ya mapumziko ya watoto. Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Mzee Papai. Nikamwambia ukweli wote bila kuupamba: kwamba sijui kitu, kwamba sikujua tangu Jumatatu, kwamba ni kazi ya mke wangu inayopotea, si yangu. Nilisubiri anicheke. Akanawa mikono. Akasema mke wako ndiye aliyeniangalizia meza nilipolazwa hospitali, kwa nini hukusema mapema, sogea huko.

Fundi cherehani akafunga cherehani. Akatuvisha vitambaa vya kichwa sote, pamoja na Mzee Papai ambaye hana unywele hata mmoja, akachemsha sindano yake nene, akaanza kutoa mbegu kana kwamba anafumua mshono. Kipande hakijui kama kimeguswa! Nilitoa macho. Akasema tofauti na nguo ni moja tu, tunda haliji na mteja anayesema alilitaka jana.

Lakini nani ataondoa Chelewa? Mbegu inaonekana. Ukali hauonekani. Lazima mtu aonje kipande kimoja cha kila chenza, tangu la kwanza mpaka la mwisho.

Shemeji ndiye huyo anaingia, kiti cha plastiki kichwani.

Nilimwendea kwa heshima. Nikamwambia kwamba nimefikiria sana, na kwamba kazi hii kubwa ya shule inahitaji Mkaguzi Mkuu wa Ladha, mtu mwenye ulimi wa kisasa. Akashusha kiti. Akauliza kama kuna kofia. Nikampa kitambaa cha kichwa. Akakaa, akavuka miguu, akasema, leta, bosi.

Alionja! Kwa haki yake niandike: alionja mpaka mashavu yakaingia ndani. Kila alipokutana na Chelewa alitetemeka kuanzia kisogoni mpaka kwenye viatu, na sisi tulijua bila kuambiwa, tunaweka chenza hilo pembeni. Hakuacha. Tulipokaribia mwisho wa tenga macho yalikuwa yanamtoka machozi na bado anasema, hili limepita, lete jingine. Sikutegemea kuja kumpenda.

Kinyozi naye alikuja. Alisema hakuja kusaidia, amekuja kuhakikisha. Akamenya kuliko sote. Mikono yake imezoea vichwa vya watu wasiotulia.

Beseni la mwisho tulilifunika, na Mwalimu Mkuu huyo hapo. Mama mrefu, kimya, viatu vya kutembea mbali. Nyuma yake kidogo, akijifanya ananunua vitunguu, Bi Miwani. Mwalimu akasalimia, akauliza tenga lake liko wapi. Nikafunua beseni la kwanza.

Akafunua la pili mwenyewe. Vipande vimelala safi, vinang'aa, kila kimoja kizima. Akachukua kimoja akakiinua kwenye mwanga. Akakila. Akachukua kingine. Moyo wangu ulikuwa unapiga cherehani. Akauliza hii ni nini.

Ningeweza kusema ukweli hapo. Ulikuwa mdomoni kabisa. Ukatoka mwenzake: nikasema ni Huduma ya Watoto, ndivyo tunavyofanya sisi kwa shule. Mzee Papai akakohoa mpaka kitambaa kikamdondoka.

Mwalimu Mkuu akaketi kwenye benchi langu la mguu mfupi. Akasema ana walimu watatu na watoto wengi kuliko anavyopenda kukumbuka, na kila siku ya machungwa au machenza mapumziko yote yanakwisha kwa kumenya, juisi machoni, na kilio. Akasema ameshazunguka masoko mpaka viatu vimekwisha, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumfikiria mwalimu. Kisha akasema maneno ambayo nitamsimulia mjukuu wangu: kila Alhamisi, msimu mzima, hivi hivi.

Na kwa kuwa yatamenywa na kukaguliwa, akaongeza, hajali tena kama mwanzoni yalikuwa na mbegu au hayakuwa nazo. Mradi yawe matamu.

Bi Miwani alisahau vitunguu vyake. Akaja akanipa mkono. Akasema, shemeji, hili sikulitarajia. Nikamwambia, kwa unyenyekevu wangu wote, kwamba sisi huwa tunapanga mambo mapema.


Ijumaa, 10 Julai

Siwezi kushika kalamu vizuri. Maganda ya machenza yana mafuta yanayotafuta kila kijeraha, na nimegundua nina vijeraha vingi kuliko nilivyodhani. Mto wangu unanuka chenza. Ndoto zangu zilikuwa na vipande.

Dereva wa shule alirudisha mabeseni. Yamelambwa. Kasema kuna mtoto mmoja alilia kwa sababu yamekwisha, na mwalimu mmoja karibu naye alie.

Shemeji hana ladha mdomoni tangu jana. Anasema chai, mkate na dawa ya meno ni kitu kimoja. Lakini kaja kununua Koti mawili kwa mchumba wake, na akamweleza cheo chake kwenye simu akiwa mbele yangu, mara mbili.


Jumamosi, 11 Julai

Mke wangu karudi.

Nilikuwa nimejipanga. Shati safi, meza kwa rangi, na simulizi niliyoikariri tangu asubuhi, yenye Huduma ya Watoto mwanzoni, katikati na mwisho. Alishuka, akaja moja kwa moja sokoni na begi lake, akanionyesha picha ya mtoto (paji langu kabisa, wasibadilishe kitu), akatupia jicho meza. Tabasamu likabaki, lakini macho yakaondoka. Akauliza: majani yako wapi?

Nikafungua kinywa. Hawakuniachia hata neno la kwanza. Mzee Papai, fundi, kinyozi na shemeji walisema wote kwa pamoja, kila mmoja akianzia mahali pake: mbuzi, ndoo, kliniki, miwani ya jua, sindano, meno ya mama. Hata miwani ya jua! Sijui nani aliwaambia. Kwa Bi Miwani maneno hayakai.

Mke wangu alikaa kwenye benchi. Akafunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikapiga goti hapo hapo sakafuni, nikimwambia mama watoto, nisamehe, usilie. Akaondoa mikono. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaomba maji. Akasema, mwanamume huyu, niliondoka siku chache tu, kaniharibia kila kitu na kunipatia shule.

Akafuta machozi. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayehesabu kichwani, ni nani atakayekuwa anamenya kila Alhamisi.

Wote waligeuka wakanitazama. Hata mbuzi.

Basi, akasema, benchi ni lako. Shemeji alishusha pumzi mpaka mafungu ya kangaja yakatikisika. Kiti cha plastiki kakiacha hapo, zawadi. Mke wangu anakalia hicho, mimi nakalia langu la mguu mfupi, bega kwa bega. Akanipa chenza moja nimmenyee. Akalila polepole bila kutema kitu, akaegemea kidogo upande wangu, akasema jani moja nikilitoa tena atanitoa mimi.

Nimeelewa. Mtu anajifunza. Alama za mwenzako usizichezee.


Jumatatu, 13 Julai

Siku njema sana. Mke wangu kaenda shambani kuzungumza na wakulima, na kaniachia meza bila hata kugeuka nyuma. Sikugusa kitu! Machenza yamekaa na majani yao, kichaka kama kawaida, na mimi nimekaa mikono mapajani kama picha ya pasipoti.

Sifa zangu zimeanza kuenea. Mzee Papai ana harusi ya mtoto wa kaka yake mpaka kesho jioni. Kaja kwangu, mimi, akaniomba nimwangalizie meza yake. Mzee yule yule wa kliniki! Alisema baada ya Alhamisi ananiamini kama ndugu. Alieleza mambo fulani juu ya mapapai, lakini palikuwa na mteja, na isitoshe papai ni papai.

Sasa nimekaa naitazama meza yake. Mzee wa watu, moyo mzuri, jicho hana. Mapapai mengine kayaviringisha magazeti. Mengine kayafunga nusu. Mengine yako wazi kabisa, na mawili kayachanja mistari ubavuni kwa kisu. Mteja anakuja kununua tunda au kusoma habari?

Nimeyavua magazeti yote. Nimeyafuta. Nimeyapanga kwa ukubwa, madogo mbele, makubwa nyuma, kama wanakwaya.

Atakaporudi kesho hataamini macho yake.